Nyumba majivu, mti kijani

SWALI

Mtaalamu, salaam. Binti yangu ni muuguzi, anaishi Pasadena, California, mwaka wa sita sasa. Moto wa Januari 2025 ulimpitia karibu. Aliondoka usiku na mkoba tu, akarudi akakuta anapopanga pamesalimika, lakini mtaa wa juu yao, Altadena, umekwisha. Juzi kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp imeletwa video: nyumba zote majivu, miti imesimama kijani kabisa, rimu za magari zimeyeyuka zikatiririka barabarani kama uji. Anayesimulia anasema moto wa msituni hauwezi kufanya hivyo, kwamba ile ni silaha ya miale kutoka angani ili watu wanyang'anywe viwanja vyao. Mimi nimepika kwa kuni miaka hamsini, sijaona moto unaoacha kuni ukala mawe. Na sasa huyu binti anataka kununua nyumba huko huko. Nimkataze? – Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Mama wa Watatu, shikamoo. Pole kwa hofu ya usiku ule, na tunashukuru binti yetu alitoka mzima. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako la pili halijibiki bila la kwanza.

Umepika kwa kuni miaka hamsini, basi kwenye jambo hili una elimu kuliko vijana wengi niliowafundisha. Nikuulize. Umeletewa gogo la mwembe lililokatwa asubuhi hii, na pembeni una mbao za kreti kuukuu zilizokaa darini miaka kumi. Ukizitia zote mafigani, kreti itakwisha kabla chai haijachemka. Gogo litatoa povu, litalia, litakuliza na wewe, na mwisho utalikuta limebabuka ganda tu. Video uliyoletewa ndiyo hiyo. Hukuona moto ulioacha kuni ukala mawe. Uliona moto ulioacha kuni mbichi ukala kuni kavu.

Kinachotupotosha sisi huku ni lile neno «nyumba». Ukilisikia unaona tofali, saruji na bati. Nyumba ya California ni mbao kuanzia sakafu hadi kenchi. Nguzo za mbao, mihimili ya mbao, juu yake plaiwudi na karatasi ya lami, kisha kwa nje plasta nyembamba iliyopakwa rangi nzuri. Kwenye kioo cha simu inafanana na nyumba ya mawe. Nao wana sababu zao: ile ni nchi ya matetemeko, na mbao hunesa pale ambapo tofali huporomoka. Ndani mnajazwa sofa za sponji, magodoro, mazulia ya nailoni na mapazia, na vingi kati ya hivyo asili yake ni mafuta ya petroli. Tazama tena hiyo video utaona kilichobaki wima katika kila kiwanja ni dohani ya matofali. Mawe yaliyokuwemo yalibaki, kama ulivyotarajia. Yalikuwa machache tu.

Sasa linganisha maji. Jani bichi la mti linaweza kubeba maji yenye uzito sawa na mwili wake mkavu, hata kuzidi. Ubao wa kenchi uliokauka miaka sabini chini ya jua la kule maji yake hayafiki sehemu moja ya kumi. Mwaka ule ukavu ulipita kiasi. Katikati ya jiji la Los Angeles, tangu mwanzoni mwa Mei 2024 hadi moto ulipotokea tarehe 7 Januari 2025, ilinyesha mvua ya milimita 4 tu. Juu yake zikaja pepo za Santa Ana, zinazotoka jangwani zikishuka milimani kuelekea bahari, kavu kama pumzi ya tanuri. Siku ile vilele vya milima vilipigwa na upepo uliokaribia kilomita 160 kwa saa. Ndege za kuzimia moto zilishindwa kuruka.

Lakini hayo yanaeleza kwa nini nyumba iliwaka vizuri. Hayaelezi nani aliiwasha, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wakiwemo wengine waliovaa helmeti.

Watu hudhani ukuta wa miali hutoka msituni, ukaviringika mtaani kama wimbi la bahari na kumeza nyumba moja baada ya nyingine. Mwanasayansi wa moto wa Idara ya Misitu ya Marekani, Jack Cohen, aliyafanyia jambo hili kazi miaka mingi kwenye maabara ya Missoula, Montana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walikwenda kaskazini mwa Kanada, wakasimamisha kuta za mbao pembeni ya msitu, kisha wakauchoma msitu wenyewe kwa makusudi, moto ule mkubwa kabisa unaopanda hadi vilele vya miti. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti, baadhi ziliwaka. Za mita 20 na 30 haukuwaka hata mmoja. Sababu ni kwamba moto wa msitu una haraka. Mahali pamoja huwaka kwa nguvu dakika moja, pengine moja na nusu, kisha chakula kimekwisha, unasogea. Ubao mnene unahitaji muda mrefu zaidi ya huo ukiwa umekabiliana na joto kali ndipo ushike. Ni kama kupitisha kidole haraka juu ya mshumaa.

Basi kama miali haikuzifikia, nyumba za katikati ya mji zilishikaje? Zilishikwa na cheche.

Neno cheche ni dogo mno kwa jambo hili. Wakati wa upepo ule zinazoruka ni vipande vya magome, koni za misonobari, vijiti, vipande vya paa la jirani, vyote vikiwa kaa jekundu. Vinaruka kwa maelfu, vikimiminika mlalo kama mvua ya kusi. Vingine vinakwenda mamia ya mita, vingine zaidi ya kilomita. Na kila kimoja kinapotua kinafanya kile unachofanya wewe unapowasha jiko la mkaa. Kwanza kinatafuta chembechembe laini: majani makavu kwenye gata, sindano za msonobari kwenye pembe ya paa, mbegu na manyoya ya panya chini ya sakafu, zulia la makumbi mlangoni. (Naam, lile lile la makumbi ya nazi tunalolisuka huku. Huko ni pambo. Kwa zimamoto ni kifuu kilicholazwa tayari.) Upepo unafanya kazi ya kipepeo chako. Dakika kumi baadaye ubao wa ukingo wa paa umeshika.

Njia iliyo mbaya kuliko zote ni matundu ya hewa. Nyumba zile huachiwa matundu chini ya mapenu ili dari lipumue lisioze. Nyumba za zamani zina wavu wa matundu makubwa unaozuia ndege na panya tu. Kaa la ukubwa wa ukucha linapenya, linatua darini juu ya maboksi ya nguo za zamani, nalo halina haraka. Mwenye nyumba ameshaondoka, kama binti yako alivyoondoka. Saa moja au tatu zinapita, moto wa msitu umeshasahaulika, halafu nyumba inawaka kutoka ndani kwenda nje. Pale ambapo mtu mmoja na ndoo moja vingetosha, hakuna mtu. Ndiyo maana unaona picha ya nyumba iliyokwisha kabisa, na mbele yake bustani ya majani mabichi yaliyofyekwa vizuri. Moto haukupita bustanini, uliingilia darini.

Hili la cheche lilipimwa hadharani. Kuna kituo cha utafiti cha makampuni ya bima mjini Richburg, South Carolina, chenye feni kubwa 105 ndani ya jengo moja. Wanajenga nyumba nzima humo, kisha wanaimiminia makaa mekundu kwa upepo. Hakuna mti, hakuna mwali unaoigusa. Nyumba inashika yenyewe mahali pale pale pa siku zote: kwenye gata, kwenye matundu ya hewa, kwenye kona ambapo paa linakutana na ukuta, na chini ukutani palipotandazwa vigome vya bustani.

Nyumba ya kwanza ikishashika, mama, huo si moto wa msitu tena. Hapo watu wasioishi msituni hujiona salama, na hapo ndipo wanapoungua.

Nilikuambia mwali wa msitu hukaa mahali dakika moja na nusu. Nyumba moja huwaka saa moja, saa mbili, na zaidi, na muda wote huo inapiga joto pembeni. Wewe umesimama mbele ya tanuri la chokaa, unajua ngozi ya uso inavyokaza ukiwa bado mbali hatua kadhaa. Sasa nyumba ya jirani iko mita tatu, na haiwezi kurudi nyuma. Kioo cha dirisha kinapasuka kwa joto, pazia linashika, na ya pili inaanza kuikaanga ya tatu. Miti iliyobanwa katikati yao huungua upande mmoja tu. Waambie wa kundi lenu watafute picha za karibu: mara nyingi upande uliobabuka ni ule unaotazama nyumba. Nyumba ndiyo iliyouchoma mti.

Mfano ninaoutumia darasani ni Coffey Park, mtaa wa kawaida kabisa wa mji wa Santa Rosa, kaskazini mwa San Francisco. Nyumba za familia za miaka ya 1980, zimebanana, ziko tambarare, wala hakuna msitu pale. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 2017 moto ulianzia upande wa Calistoga, ukasukumwa na upepo zaidi ya kilomita 15 ndani ya saa chache, ukafika kwenye barabara kuu namba 101. Ile ni barabara ya njia sita. Kila mtu alidhani itaukata. Makaa yakairuka, yakatua Coffey Park, na kufikia asubuhi zaidi ya nyumba 1,300 hazikuwepo. Ramani ya serikali ya maeneo hatari kwa moto ilikuwa imeishia upande wa pili wa barabara, hivyo masharti ya ujenzi wa kuzuia moto hayakuwahusu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka 1964 moto mwingine ulipita karibu njia ile ile. Wakati huo pale palikuwa mashamba. Upepo haukubadilika. Kilichobadilika ni sisi kwenda kupanga kuni kwenye njia yake.

Nakuja kwenye rimu, maana najua ndizo zilizowasadikisha watu wa kundi. Rimu nyingi za siku hizi ni alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Hilo si joto la ajabu. Hapo Tanga utawakuta mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu kwa mkaa na kifeni cha kuvuvia, wakamimina sufuria na miko ya kuuza sokoni. Nyumba ya mbao inayowaka hupita nyuzi 800 na mara nyingi hufikia 1,000. Gari lenyewe lina matairi, viti vya sponji na petroli. Likishashika, rimu hutiririka na kuganda kwenye mteremko wa barabara. Chuma cha bodi ya gari hakiyeyuki, kinahitaji karibu nyuzi 1,500, na ukitazama hizo picha utaona mabodi ya magari yamebaki, yamepinda tu na kupauka. Silaha ya mbinguni ingekuwa na adabu ya ajabu, iyeyushe alumini na iache chuma kilichoungana nayo. Wenye nyumba wanapochekecha majivu hupata vikombe vya kauri vikiwa vizima, kwa kuwa kauri ilishapikwa kwenye joto zaidi ya hilo kabla haijauzwa.

Kuhusu picha nyingine zinazozungushwa na wasimulizi wa miale, za miavuli ya buluu ambayo eti haikuungua na za mwale mweupe kutoka angani, hizo zilianza kusambaa baada ya moto wa Lahaina, Hawaii, Agosti 2023. Moja ya picha zilizozungushwa sana ilikuwa ya roketi iliyorushwa California mwaka 2018, miaka mitano kabla. Sitaki kukaa sana hapo.

Ila la viwanja sitalicheka. Hofu ya kunyang'anywa ardhi baada ya janga ina mizizi. Altadena ni mahali ambapo Wamarekani Weusi wengi walifanikiwa kumiliki nyumba enzi ambazo mitaa mingine ya Los Angeles iliwafungia milango, na nyumba hizo ndizo urithi wa wajukuu. Moto haujapoa vizuri, madalali wakaanza kupiga simu. Wiki moja tu baada ya moto kuanza, gavana wa California alilazimika kutoa amri ya kuwazuia wanunuzi wasiwaendee waathirika na bei za kutupa bila kuombwa. Kwa hiyo wanaotaka viwanja wapo. Hawahitaji miale, wanasubiri tu watu wachoke.

Nimeitaja Lahaina, na kuna jambo la kule linalotuhusu moja kwa moja. Milima iliyo juu ya mji ule ilikuwa mashamba ya miwa kwa zaidi ya karne. Kiwanda cha mwisho cha sukari cha pale kilifungwa mwaka 1999, mashamba yakatelekezwa kama ulivyoona mashamba ya mkonge yakitelekezwa mkoani kwenu, na yakavamiwa na nyasi. Nyasi zile si za Hawaii. Ni nyasi ya Guinea na ndugu zake, asili yake Afrika, zilipelekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Kwetu hukua kwa mvua, zikaliwa na wanyama, zikachomwa na wafugaji mapema kabla hazijawa balaa. Kule hakuna wa kuzila. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali ulishuka mlimani, nyaya za umeme zilizoanguka zikawasha nyasi asubuhi. Zimamoto wakauzima, wakakaa wakiangalia, wakaondoka. Mchana ukaamka tena.

Wewe hilo haliwezi kukushangaza. Ni mara ngapi umefukia kaa kwenye majivu usiku, ukaamka alfajiri ukalifukua likiwa jekundu? Majivu si kifo cha moto, ni blanketi lake. Ule mji, uliowahi kuwa makao makuu ya Ufalme wa Hawaii, uliteketea jioni moja. Majengo yapata 2,200 yaliungua na watu 102 walikufa.

Na pale katikati ya majivu, karibu na bahari, ilibaki nyumba moja nyeupe yenye paa jekundu. Picha yake ilizunguka dunia nzima, na bila shaka nayo imetumika kwenye video za miale. Ni nyumba ya mbao ya takriban miaka 100. Wenyewe walikuwa wameikarabati muda mfupi kabla. Waliondoa paa la lami wakaweka la bati, wakang'oa mimea yote iliyoigusa, na kuizungushia mawe ya mtoni pale maji ya paa yanapodondokea. Hawakufanya hivyo kwa kuogopa moto. Waliogopa mchwa. Makaa yaliyotua juu yalikuta bati, yaliyotua chini yalikuta kokoto, yakafia hapo. Bahati ilikuwepo pia, nafasi kati yake na majirani ilisaidia. Lakini bahati ilipata pa kukalia.

Niruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Mimi nilianza kazi nikiwa kijana wa zimamoto kwenye mji mmoja wa pwani yetu, na somo langu la kwanza la cheche halikutoka Marekani, lilitoka kwenye makuti. Tuliitwa usiku kwenye kijiji cha wavuvi, upepo wa kaskazi, nyumba moja inawaka. Gari letu lilifika na tangi nusu, aibu ambayo sijaisahau. Wazee hawakutungoja. Walikuwa wameshapanda mapaa ya nyumba za mbele, za kule upepo unakoelekea, wakiyang'oa makuti na kuyatupa chini, huku wanawake wakitandaza magunia yaliyoloweshwa. Hawakuhangaika kabisa na nyumba iliyokuwa inawaka. Walijua hiyo imekwenda, na kwamba vita viko mahali kuti linapokwenda kutua. Miaka mingi baadaye nikiwa masomoni nikasoma habari za vilima vya Oakland, Oktoba 1991, ambapo watu 25 walikufa na nyumba zaidi ya 2,800 zikateketea, nyingi zikiwa na mapaa ya vigae vya mbao. Vigae vya mbao ni makuti ya Wamarekani. Nilicheka peke yangu maktabani, halafu nikaona haya.

Utaniuliza, na maji je? Nchi tajiri kama ile, mabomba ya zimamoto barabarani yakauke? Yalikauka kweli kule Pacific Palisades, mtaa mwingine ulioungua siku ile ile. Matangi matatu yanayoulisha mtaa wa juu, kila moja likibeba lita karibu milioni 3.8, yalikuwa yamekwisha kabla ya alfajiri ya pili, na bwawa kubwa la karibu lilikuwa tupu kwa ajili ya matengenezo. Bwawa lile limezua ugomvi mkubwa, na wenye mji wana haki ya kuuliza. Lakini fikiria pia hili: kila nyumba inayoanguka inaacha bomba lake limevunjika, linamwaga maji usiku kucha. Nyumba elfu zikianguka una mabomba elfu yaliyofunguliwa kwa mpigo. Hakuna mji uliojenga mfumo wa maji kwa ajili ya hilo. Mabomba yale yalikusudiwa nyumba moja inayowaka, au tano. Ndiyo maana mimi huwa sina subira na mtu anayedhani dawa ni kununua magari zaidi ya zimamoto. Katika siku ya upepo kama ule, nyumba itapona au haitapona kwa jinsi ilivyokuwa jana yake.

Mioto yote miwili ya Januari 2025 iliteketeza majengo zaidi ya 16,000 na kuua watu 31. Wengi wa waliokufa Altadena walikuwa upande wa magharibi, ambako amri ya kuondoka ilichelewa sana kutolewa. Nalisema hili kwa sababu ya binti yako. Siku ile asisubiri king'ora wala ujumbe wa simu. Alivyofanya mara ya kwanza, mkoba na mlango, ndivyo afanye tena.

Sasa swali lako la pili. Nimkataze? Mama, binti ni mtu mzima, ana mshahara wake, na mimi si mjomba wake. Ila ningekuwa mjomba wake nisingemkataza mji. Ningemkataza baadhi ya nyumba.

Jambo la kwanza aulize mwaka wa ujenzi. California ilianza kuyatumia masharti mapya ya ujenzi kwa maeneo ya hatari mwaka 2008: paa lisiloshika, matundu yenye wavu mwembamba, vioo vinavyostahimili joto. Katika mji wa Paradise, ulioungua tarehe 8 Novemba 2018 na kuua watu 85, watafiti walikuta nyumba zilizojengwa kabla ya 1997 zilipona takriban moja kati ya tisa. Zilizojengwa kuanzia 1997 zilipona karibu mbili kati ya tano. Na hata hiyo mpya, kilichoamua sana ni umbali wake na nyumba nyingine iliyoungua. Kwa hiyo asivutwe na nyumba nzuri iliyokarabatiwa vizuri ikiwa mita tatu kutoka kwenye kibanda cha mbao cha jirani. Anunue nafasi kabla ya kununua jiko la marumaru.

Nyumba ya zamani haimaanishi haifai. Mengi hurekebishwa kwa pesa ya kawaida. Nyavu za matundu ya hewa hubadilishwa, ziwe na vitundu visivyozidi milimita 3. Paa la vigae vya mbao lisijadiliwe, aachane nayo. Uzio wa mbao unaogusa ukuta ni utambi, kipande cha mwisho kiwekwe cha chuma. Na ile mita moja na nusu inayozunguka nyumba iwe kavu kama uwanja wako uliofagiwa: kokoto, saruji au udongo mtupu, pasiwe na ua, kichaka, vigome vya bustani wala zulia la makumbi. California imepitisha sheria kuhusu ukanda huo, na watu wanagombana nao kwa sababu wanayapenda maua yao chini ya dirisha. Mti mkubwa wenye afya mita kumi mbali na paa haunitishi. Kinachonitisha ni mtende wenye matawi makavu yanayoning'inia, maana ule ukishika hurusha makaa kama fataki.

Mwisho ni bima, na hili alifanye kabla ya kuweka sahihi yoyote. Makampuni mengi yamejiondoa kwenye mitaa ile, na mnunuzi anaweza kujikuta amebakiwa na FAIR Plan tu, ule mpango wa bima wa kimbilio la mwisho, wenye ada kubwa na fidia yenye mipaka. Apate bei ya bima ya nyumba ile ile, kwa maandishi. Ikiwa hakuna kampuni inayoitaka, ameshapata jibu la watu wanaopima hatari hii kwa fedha zao wenyewe.

Akienda kuitazama nyumba, mwambie akupigie picha nne: gata kwa juu, matundu ya hewa chini ya mapenu, mahali uzio unapogusa ukuta, na nafasi kati yake na jirani. Akutumie wewe. Kwa miaka hamsini ya mafiga, utajua kipi kati ya hivyo kingeshika kwanza.